Nani Awahishwe Mbeya Usiku Huu? Vipimo vya Damu na Ubashiri wa Sepsis

Msimu wa mavuno ya mpunga, hospitali ya wilaya ya Mbarali pale Rujewa yaweza kupokea jioni moja watu watatu wenye homa: mvunaji aliyeletwa kutoka Madibira akitetemeka, mama aliyejifungua siku nne zilizopita na sasa anaumwa tumbo, na mzee anayeishi na VVU ambaye nduguze wanasema tangu asubuhi haongei sawasawa. Wote wana joto kali, na wote kipimo cha malaria, ile mRDT, kimesoma hasi. Mmoja atapona kwa vidonge na maji ya kutosha. Mwingine atahitaji dawa ya mshipa na jicho la muuguzi usiku kucha. Wa tatu hatamaliza siku mbili asipofikishwa penye huduma kubwa zaidi, na huduma hiyo iko Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara kuu ya TANZAM, katikati ya malori ya Tunduma. Gari la wagonjwa likiondoka na asiye sahihi, aliye sahihi anabaki wodini.

Kwa zaidi ya miaka thelathini watafiti wamekuwa wakitafuta ndani ya damu jibu la swali hilo. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalihesabu viashiria 258 vya damu vilivyokwisha kuchunguzwa kwa ajili ya sepsis. Miaka kumi kabla yake, mapitio kama hayo yalikuwa yamehesabu 178. Wingi huo unaonyesha bidii, lakini unaonyesha pia kwamba kipimo kimoja cha kuaminika hakijapatikana. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba tumezoea kuvipima vipimo hivi kwa swali lisilotufaa. Tunauliza ni kipi kinabashiri kifo vizuri zaidi. Kwa hospitali ya wilaya, la kuuliza ni jibu la kipimo kipi linabadilisha kitu ambacho tabibu wa zamu anaweza kukifanya saa ileile.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mitaani sepsis huitwa sumu kwenye damu, na wengi hudhani ni vijidudu tu vilivyoingia kwenye mshipa. Tangu mwaka 2016 wataalamu wameafikiana kuieleza kwa namna nyingine: ni pale mwili unapopambana na maambukizi kwa namna iliyopotoka hadi ukaanza kuumiza viungo vyake wenyewe, mapafu, figo, ini, ubongo, na mishipa midogo ya damu inayovuja na kuziba. Makadirio ya mwaka 2017 yalionyesha wagonjwa milioni 48.9 duniani na vifo milioni 11, yaani kifo kimoja katika kila vitano, na sehemu kubwa ya mzigo huo iko katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka serikali ziipe sepsis uzito.

Maelezo hayo ya mwaka 2016 yanatusaidia kutenganisha vitu viwili ambavyo hata maofisini huchanganywa. Kuna vipimo vinavyojibu kama kuna maambukizi ya bakteria, na kuna vipimo vinavyojibu kama mwili umeanza kuharibika. Mtu anaweza kuwa na jipu lenye bakteria wengi na asiwe hatarini. Mwingine anaweza kuwa na malaria kali bila bakteria wowote na akawa anakufa.

CRP na prokalsitonini ziko zaidi upande wa kwanza. CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapowaka. Iligunduliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia kwenye Taasisi ya Rockefeller mjini New York. Ni ya bei nafuu na ina vipimo vya haraka vya tone moja la damu, lakini hupanda kwa mambo mengi mno: malaria, kifua kikuu, jeraha la upasuaji, hata kujifungua kwenyewe. Prokalsitonini, iliyohusishwa na maambukizi makali ya bakteria mwaka 1993, huchagua zaidi, kwa kuwa virusi vingi haviipandishi sana. Malaria nayo huipandisha, na hapo ndipo namba zilizopangwa Ulaya zinapoteleza zikifika kwetu. Faida yake iliyothibitishwa ni ya namna yake: husaidia kuamua lini dawa za antibiotiki zikome. Uholanzi ilionyesha hivyo mwaka 2016, na utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2024 ukaonyesha kuwa prokalsitonini ilipunguza siku za antibiotiki kwa usalama, ilhali CRP haikufanya hivyo. Mwongozo wa kimataifa wa sepsis wa mwaka 2021 unashauri isitumike kuamua kama dawa ianzwe. Kwa Rujewa, ambako shida ya usiku wa kwanza ni kuanza kwa wakati, prokalsitonini inajibu swali la siku ya tano.

Lakteti ni habari nyingine, na nitakaa nayo kidogo. Seli zinapokosa oksijeni ya kutosha, au zinapochochewa na adrenalini nyingi kuchoma sukari haraka, lakteti huongezeka. Ini lililochoka nalo hushindwa kuiondoa. Kwa hiyo lakteti haisemi lolote kuhusu aina ya kijidudu. Inasema mwili umebanwa. Ndiyo maana imeingizwa ndani ya maelezo rasmi ya mshtuko wa sepsis: mgonjwa amepewa maji ya kutosha, bado anahitaji dawa ya kupandisha presha, na lakteti yake imezidi milimoli 2 kwa lita. Kati ya walio hivyo, zaidi ya 40 katika kila 100 hufia hospitalini. Ndiyo maana pia lakteti ya 5 au zaidi ni moja ya alama za malaria kali kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Na mashine yake ipo ya mkononi, mfano wa ile ya kupimia sukari, inayotumia tone la damu na kutoa jibu ndani ya dakika moja. Watafiti waliokuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, waliripoti mwaka 2008 kwamba mashine ya aina hiyo iliweza kubashiri vifo vya wagonjwa wa sepsis ambao wengi wao walikuwa na VVU.

Udhaifu wake uko mikononi mwetu sisi tunaoitumia. Damu ikikaa kwenye chupa isiyo sahihi, chembe nyekundu huendelea kula sukari na kuzalisha lakteti, hivyo sampuli iliyosubiri nusu saa foleni ya maabara huja na namba ya kutisha isiyo ya mgonjwa. Lakteti ya mtoto aliyetoka kwenye degedege hupanda kisha hushuka yenyewe. Kipimo kimoja kisichorudiwa kinaweza kudanganya. Kipimo cha pili baada ya saa mbili au nne, kikionyesha namba haishuki, kina uzito mkubwa zaidi.

Sasa tuje kwa kizazi kipya cha viashiria, ambacho Afrika Mashariki imekichangia sana. Chembe nyeupe za damu zinapochochewa kupita kiasi humwaga kwenye damu kipande cha kipokezi kiitwacho sTREM-1. Kuta za mishipa midogo zinapoumia humwaga anjiopoietini-2. Zote mbili ni dalili kwamba uharibifu umeanza, mara nyingi kabla presha haijashuka. Jijini Dar es Salaam, watu wazima 507 wenye homa waliofika kliniki za nje walitolewa damu na kufuatiliwa kwa siku 28, na 32 kati yao walifariki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa sTREM-1 ilikuwa miongoni mwa viashiria vilivyowatenganisha vizuri zaidi waliofariki na waliopona. Jinja nchini Uganda, watoto 2,502 waliolazwa kwa homa walichunguzwa vivyo hivyo, na mwaka 2021 jibu likatoka likiwa lilelile: sTREM-1 iliongoza. Kinachovutia ni kwamba haikujali kama chanzo ni malaria, nimonia au bakteria kwenye damu. Kwa eneo ambalo chanzo cha homa hakijulikani mara nyingi, hiyo ni sifa kubwa kuliko usahihi wowote wa kimaabara.

Na kweli, chanzo hakijulikani. Moshi, kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa kwa kina. Walioandikiwa na madaktari kuwa na malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, leptospirosisi, homa ya Q, homa za kupe, brusela. Muhimbili, watoto waliothibitika kuwa na bakteria kwenye damu mwaka 2001 na 2002 walifariki kwa kiwango cha asilimia 34.9, kikubwa kuliko cha waliokuwa na malaria. Tafiti za Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) Mbeya na washirika wake wa Munich zimeonyesha kwamba watu wa mkoa wa Mbeya wamewahi kukutana na homa ya Bonde la Ufa, chikungunya na riketsia, magonjwa ambayo wengi wao hawakuwahi kutajiwa walipokwenda kutibiwa. Usangu, bonde iliko Rujewa, ina maji ya majaruba, panya wa mashambani, na mifugo mingi. Mazingira ya homa hizo yapo yote. Ongeza VVU: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima wa Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, huku wastani wa nchi ukiwa 4.4. Kwa mgonjwa mwenye VVU uliosogea, sepsis mara nyingi ni kifua kikuu kilichoingia kwenye damu, na antibiotiki za kawaida hazitamgusa. Mgonjwa wa namna hii anaandikiwa malaria, U.T.I. na taifodi kwenye cheti kimoja, anapewa dawa za yote matatu, anarudishwa nyumbani. Sisemi hivyo kuwabeza matabibu. Mtu asiye na kipimo cha kuonyesha hatari hutibu majina anayoyajua.

Hata hivyo kubashiri si kutibu, na kanda yetu imelipa gharama kubwa kujifunza hilo. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulifanyika katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Muheza hapa Tanzania, na Mulago, Soroti, Mbale na Lacor nchini Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa: wengine walipewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, kama vitabu vya Ulaya na Marekani vilivyoagiza, wengine hawakupewa. Karibu wanne kati ya kumi walikuwa na lakteti ya 5 au zaidi. Kama kiashiria kingetosha, basi hawa ndio wangestahili dripu ya haraka. Ndani ya saa 48 walifariki watoto kama 10.5 katika kila 100 waliopewa maji ya haraka, na 7.3 katika kila 100 ambao hawakupewa. Lusaka ilirudia somo hilo kwa watu wazima: mwaka 2017 iliripotiwa kuwa chini ya mpango wa maji mengi na dawa za presha walifariki 48 katika kila 100, dhidi ya 33 kwa huduma ya kawaida. Wagonjwa wetu wana upungufu wa damu, wana njaa ya muda mrefu, wana VVU, na hakuna mashine ya kupumulia pale mapafu yanapojaa maji. Namba iliyo sahihi iliwaongoza watu wema kwenye tiba isiyo sahihi. Kila ninaposoma tangazo la kipimo kipya, hilo ndilo ninalolitafuta kwanza: baada ya jibu, mgonjwa atafanyiwa nini, na nani amethibitisha kwamba jambo hilo linamfaa mtu wa Mbarali?

Kuna upande wa hesabu pia, ambao makala nyingi huuruka. Tuseme kipimo kinawakamata 90 kati ya kila 100 watakaofariki, na kinawaondolea hofu 80 kati ya kila 100 watakaopona. Ni kipimo kizuri sana. Kiweke wodini, kwa wagonjwa 1,000 ambao 60 kati yao wangefariki: kitawanyooshea kidole 242, na 54 tu kati ya hao ndio waliokuwa wanakufa kweli. Hilo linavumilika, kwa kuwa kumwangalia kwa karibu mgonjwa wa ziada si hasara kubwa. Kipeleke kipimo hichohicho zahanati, ambako tuseme watakaofariki ni watano katika 1,000. Sasa kitawanyooshea kidole zaidi ya 200 ili kuwakamata wanne au watano. Wilaya yenye magari machache ya wagonjwa haiwezi kuwapeleka 200. Ukiwapeleka, familia 195 zitauza mpunga kabla ya bei kupanda ili kulipia safari isiyohitajika, na mara ya pili wakiambiwa "rufaa" hawatakwenda. Kipimo kilekile, damu ileile, thamani tofauti kabisa kwa sababu tu ya mlango kinapotumika.

Ndiyo maana sioni busara kuzungumzia damu bila kuzungumzia kwanza vitu ambavyo havihitaji sindano. Mwaka 2017 watafiti waliokusanya takwimu za wagonjwa 5,573 kutoka nchi sita za Afrika, Tanzania ikiwamo, walitengeneza alama iitwayo UVA. Inatumia joto la mwili, mapigo ya moyo, kasi ya kupumua, presha, oksijeni ya kidoleni, kiwango cha fahamu na hali ya VVU. Fahamu iliyopungua peke yake inapewa pointi nne, nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ndugu wanaosema mzee "haongei sawasawa" wametoa taarifa yenye uzito kuliko karatasi nyingi za maabara, na inapaswa kuandikwa kwenye faili kama ilivyosemwa. Amerika ya Kusini nako, utafiti wa mwaka 2019 kwa wagonjwa 424 wa mshtuko wa sepsis ulilinganisha tiba inayoongozwa na lakteti na ile inayoongozwa na kubonyeza ncha ya kidole na kuhesabu sekunde hadi rangi irudi. Walioongozwa na kidole walifariki asilimia 34.9, na walioongozwa na lakteti asilimia 43.4. Kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kutangaza mshindi, lakini inatosha kuonyesha kwamba kidole hakikuwa duni.

Shida ni kwamba hata vya kidole havifanyiki. Utafiti wa wagonjwa mahututi uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2025 ulikuta kwamba mgonjwa mmoja katika kila wanane waliolazwa alikuwa mahututi, wengi wao wakiwa wodi za kawaida, na kwamba wenye upungufu wa upumuaji waliokuwa wakipewa oksijeni hawakufika hata nusu. Kwa upande mwingine, Muhimbili ilionyesha kinachowezekana. Chumba chake cha wagonjwa mahututi kilipowekewa utaratibu rahisi, alama fulani ya hatari ikionekana muuguzi achukue hatua fulani papo hapo, vifo vya walioingia na presha ya chini vilishuka kutoka asilimia 92 hadi 69. Hakuna kiashiria kipya kilichoongezwa. Kilichoongezwa ni ruhusa na wajibu wa kutenda baada ya kupima.

Mkoa wa Mbeya una ushahidi wake wa karibu zaidi. Kati ya Desemba 2021 na Oktoba 2022, vituo 40 vya afya katika mikoa ya Mbeya na Morogoro vilishiriki utafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, NIMR Mbeya na washirika wa Uswisi. Nusu ya vituo vilipewa vishikwambi vyenye programu ya kumwongoza mhudumu, pamoja na kipimo cha oksijeni, cha wingi wa damu na cha CRP. Katika ziara 44,306 za watoto, antibiotiki ziliandikwa kwa asilimia 23.2 kwenye vituo hivyo, dhidi ya 70.1 kwenye vituo vya kawaida, na watoto hawakudhurika zaidi. Hapa kuna jibu kwa wanaosema vipimo vya damu havitaishi zahanati: vimeishi, kwa sababu vilifungwa kwenye uamuzi ulio wazi, toa dawa au usitoe. Hapohapo tuwe wakweli. Watoto waliopona hawakuongezeka. Utafiti huo ulijibu swali la nani hahitaji dawa, ambalo ni muhimu kwa usugu wa vijidudu, na ukaacha wazi swali la nani anakufa.

Nina hofu moja ambayo naiona ikisemwa kidogo mno. Namba ya ubashiri hutokana na wagonjwa waliotibiwa kwa kiwango fulani. Mgonjwa mwenye lakteti ya 9 hufariki mara nyingi katika takwimu zetu kwa sababu alichelewa, oksijeni ilikatika, dawa ya kwanza ilitolewa saa sita baadaye. Tukiisoma namba hiyo kama hukumu, tutawaacha watu ambao wangepona kwa huduma bora kidogo, na takwimu za mwakani zitathibitisha kosa letu. Mwenye namba mbaya ndiye wa kukimbiliwa kwanza. Hili linapaswa kuandikwa kwenye mwongozo wa wodi kwa maneno hayohayo, wala lisiachwe kwenye hisia za zamu ya usiku.

Kama ningeulizwa Rujewa ianze na nini, ningesema: oksimita, yaani kipimo cha oksijeni ya kidoleni, na mashine ya sukari kila chumba cha mapokezi, kwa kuwa sukari iliyoshuka ni kiashiria cha kifo ambacho tiba yake iko kabatini; Uganda iliripoti uhusiano huo kwa wagonjwa wa sepsis mwaka 2011. Kisha lakteti ya mkononi wodini, irudiwe, na itumike kuamua uangalizi na rufaa, isitumike kufungulia dripu. CRP ibaki kwa watoto wa kliniki ya nje, na kwa wanaoishi na VVU, ambao tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limeikubali kwao kama kichujio cha kifua kikuu inapozidi miligramu 5 kwa lita. Prokalsitonini ingoje Hospitali ya Rufaa ya Kanda.

Na sTREM-1? Tafiti za Dar na Jinja zilipima sampuli kwa mashine za maabara kubwa, si kando ya kitanda. Kipimo cha haraka kikikamilika, jaribio linalohitajika ni la vituo kupangwa kwa bahati nasibu, vingine vikiwa nacho, vingine bila, na kinachohesabiwa kiwe vifo vya siku 28, rufaa zilizofika kweli na gharama ya familia. Nyanda za Juu Kusini zina vituo, zina NIMR, zina uzoefu wa Mbeya na Morogoro. Kinachokosekana katika hospitali nyingi ni rekodi ya kulinganishia: saa mgonjwa alipofika, saa alipopata dozi ya kwanza, saa alipowekewa oksijeni, saa gari lilipoondoka. Mwongozo wa mwaka 2021 unataka dozi ndani ya saa moja kwa mwenye mshtuko na ndani ya saa tatu kwa anayeshukiwa tu. Safu nne za saa kwenye rejista ya wodi zinaweza kuanza kujazwa wiki ijayo, kwa kalamu iliyopo.